Simbilisi wa Mtoto Si Mali ya Baba

Ndugu mkulima, leo sitaandika juu ya miwa, wala mbolea, wala mkopo. Nataka tuzungumze juu ya mnyama mdogo asiye na mkia, na juu ya mtoto anayemlisha. Huenda ukasema kwamba hayo ni mambo ya watoto, na gazeti hili ni la watu wazima. Nakuomba uvumilie, kwa kuwa mwenye kosa katika habari hii ni mtu mzima, nami ndiye.

Binti yangu wa pili alikuwa na umri wa miaka 10 nilipomletea simbilisi watatu kutoka Kisumu, dume mmoja na majike wawili. Niliwanunua kwa kijana aliyekuwa akiuza sungura karibu na soko la Kibuye. Huku kwetu wengi humwita ginipigi, kwa jina la Kizungu lenye maana ya nguruwe wa Guinea, ingawa si nguruwe wala hakutoka Guinea. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako watu wa Peru, Bolivia na Ekwado wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Mkubwa wake hufika kilo 1 hivi. Hapandi ukuta, haumi ovyo, na akisikia hatua za mtu anayemletea majani hupiga mluzi. Nilimwambia binti yangu, mbele ya mama yake, "Hawa ni wako." Maneno matatu tu, nami sikuyafikiria zaidi.

Alifanya kazi ambayo sikuitazamia. Kila asubuhi kabla ya shule alikata nyasi, na jioni akarudi na majani ya viazi vitamu. Alikuwa na daftari aliloandika siku ya kuzaa. Mimba ya simbilisi huchukua siku 68 hivi, nao watoto huzaliwa wakiwa na manyoya, macho yamefunguka na meno tayari, na katika siku chache tu huanza kutafuna majani. Ndugu zake wadogo walikuwa wakikaa mbele ya kibanda kile jioni nzima. Nami, nasema kweli, nilikuwa nikipita hapo mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima.

Basi Jumatano moja shemeji yangu alitutembelea kutoka upande wa Ahero. Tulikunywa chai, tukazunguka shamba, tukafika kibandani. Akawasifu sana wanyama wale. Wajua desturi yetu, mgeni akikisifu kitu chako huwezi kunyamaza. Nikamkamata dume na jike mmoja, nikawatia katika katoni, nikampa. Nilijiona mtu mkarimu.

Saa 10 binti yangu alirudi na majani yake. Akawahesabu. Akaniuliza, nami nikamweleza kwamba mjomba wake amewachukua, na kwamba wengine watazaliwa. Hakulia. Aliyaweka majani chini mbele yangu akasema, "Basi hawa ni wako, baba. Wewe ndiye uwalishe." Kisha akaingia ndani. Kesho yake hakukata nyasi, wala siku ya pili, na hata kazi ya ndama aliifanya kama mtu aliyeajiriwa. Mama yake alitaka kumwadhibu kwa utovu wa adabu. Mimi nilikataa, kwa sababu siku ya tatu nilikuwa nimekwisha kumbuka jambo la zamani.

Baba yangu alipata ploti yake hapa Muhoroni miaka michache baada ya Uhuru wa 1963, wakati huo kiwanda cha Muhoroni kilipojengwa, mwaka 1966, na cha Chemelil kikafuata mwaka 1968. Tulikuwa watoto wengi, na sote tulipalilia miwa. Kaka yangu mkubwa alipewa mbuzi jike, akaambiwa ni wake. Yule mbuzi alizaa mara tatu. Siku moja tulitoka shuleni tukakuta mbuzi wote wameuzwa ili kulipa deni fulani. Deni lilikuwa la kweli, sisemi kwamba baba alikunywa fedha. Lakini hakuuliza, wala hakueleza. Kaka alimaliza shule akaenda Nairobi, na baba alipozeeka na kutafuta wa kumwachia shamba, kaka alijibu kwa barua kwamba yeye hana shamba Muhoroni, shamba ni la baba. Wakati ule tulisema mji umemharibu. Siku hizi sina hakika kama ulikuwa mji.

Wazee wana msemo ambao wengi wetu tuliusikia tukacheka, kwamba ndama ni wa mtoto lakini ng'ombe ni wa baba. Mimi nasema tuache kucheka. Katika skimu hizi zetu hati ni ya baba, mkataba wa miwa ni wa baba, simu inayopokea fedha ni ya baba. Miwa hukaa shambani miezi 18 na zaidi kabla ya kukatwa, na mtoto anayeipalilia haoni mwisho wake. Huona jasho tu. Kisha twashangaa kijana akifika miaka 18 anataka bodaboda kwenda Kisumu. Je, tulimwonyesha lini kwamba kazi ya mikono yake katika udongo huu yaweza kuwa mali yake? Simbilisi ni mnyama mdogo sana, lakini mwaka mmoja kwa mtoto ni mrefu, na kwa mnyama huyu aweza kuona kazi, mavuno na hesabu ndani ya muhula mmoja wa shule.

Nasikia mtu akisema, "Mtoto hana mali, yote ni ya nyumba. Ukimzoesha kusema changu, kesho atakukatalia maji." Hoja hii si ya kudharauliwa, nami mwenyewe niliishika miaka mingi. Nyumba yetu haikujengwa juu ya changu na chako. Lakini angalia vizuri: mtoto hakuomba ploti. Ni mimi niliyesema "Hawa ni wako." Kama ni mali ya nyumba, ningesema tangu mwanzo, "Hawa ni wetu, wewe utawatunza," naye angejua. Kibaya ni kumpa mtoto kwa mdomo na kumnyang'anya kwa mkono. Huo si umoja wa nyumba. Na shida ikija kweli, kama ada ya shule au ugonjwa, mwite mtoto umweleze, umkope. Nimeona watoto wakitoa kwa moyo mweupe kuliko wanachama wa chama cha ushirika.

Siku ya nne nilipanda matatu hadi Ahero. Ni aibu kurudisha zawadi, nayo niliibeba. Nilikuta dume amekufa. Hawakumtesa, walimpenda, ila walimweka katika chumba cha mabati kisicho na dirisha, na adhuhuri ya Februari katika uwanda wa Kano hauhitaji kuelezwa. Mnyama huyu amezoea baridi ya milimani. Hujisikia vizuri kati ya nyuzi 18 na 24, na zikipita 30 aweza kufa siku hiyo hiyo. Jike alikuwa hai, amelala ubavu, nikampa maji. Nilirudi naye nyumbani, nikamwambia binti yangu mbele ya ndugu zake wote kwamba nilikosa. Jirani mmoja alisema nimejishusha. Labda. Asubuhi yake nyasi zilikatwa.

Kwa kuwa kifo kile kilitokana na kutojua, na kwa kuwa wengine wenu mtataka kujaribu, nieleze machache niliyojifunza. Kibanda kiwe cha mbao na wavu wa kuku, chini ya mti, kimeinuliwa kutoka ardhini ili mvua na nyoka visiingie, na ndani kiwe na pembe ya giza ya kujificha, kwani huyu ni mnyama mwoga. Mwewe, paka na mbwa wote ni adui zake. Usimweke pamoja na sungura. Sungura humpiga teke, tena hubeba ugonjwa wa mapafu usiomwumiza yeye lakini huua simbilisi. Madume watengwe na mama yao wakitimiza wiki 3, la sivyo utashangaa.

Katika chakula, kosa kubwa ni kumpa mahindi na pumba peke yake. Simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakapatwa na kiseyeye kama mabaharia wa zamani, na majani mabichi yakawaponya. Hivyo mnyama huyu alisaidia ulimwengu kuelewa ugonjwa ule. Basi ampatie mtoto nyasi nyingi, sukuma wiki kidogo, na mapera yanapoiva. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na huku Koru na Muhoroni huoza chini ya miti. Asimpe majani ya viazi vya kizungu, ya nyanya wala ya ovakado, ambayo ni sumu. Wala asikate nyasi katika miwa iliyopuliziwa dawa ya magugu. Hili la mwisho ni juu yako wewe baba, maana wewe ndiye unayejua ulipuliza wapi na lini. Mwambie.

Akiugua, usimchome penisilini iliyobaki ya ng'ombe. Dawa hiyo huharibu tumbo la simbilisi na kumwua. Ukiona manyoya yakinyonyoka kwa mviringo, huenda ni choa, nayo hupita kwa watoto. Waoshe mikono kwa sabuni, umwite mtu wa mifugo. Watoto wadogo wafundishwe kumshika kwa mikono miwili wakiwa wameketi, kwa kuwa akianguka huvunjika mgongo.

Sikuahidi utajiri. Tunakumbuka sote kware, jinsi watu walivyonunua mayai kwa bei ya ajabu mwaka 2013, na jinsi soko lilivyoanguka 2014 wakabaki na vizimba vitupu. Huyu wetu ni wa nyumbani. Huko Kivu ya Kusini, Kongo, ambako vita vilimaliza ng'ombe wa watu wengi, simbilisi amekuwa msaada mkubwa kwa kuwa hufugwa kimya jikoni na askari hamwoni, na mara nyingi watoto ndio wenye kumtunza na huuza mmoja kununua daftari. Kule huliwa pia, kama Peru. Hapa kwetu wengi hawamli, na katika nyumba yangu swali hilo halitaulizwa na mtu anayetaka chakula cha jioni kwa amani. Mbolea yake, hata hivyo, inakubaliwa na wote, na sukuma wiki ya mke wangu ni ushahidi.

Wengine mtasema kazi hii ni ya shule. Ni kweli kwamba vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza tangu miaka ya 1960, vikalala, na Serikali ikavifufua mwaka 2021, na mwalimu mwenye moyo aweza kufanya mengi humo. Lakini mnyama wa shule ni wa shule. Mwalimu hawezi kumfundisha mtoto kwamba neno la baba yake laaminika. Hilo halina somo wala kipindi. Hufundishwa pale kibandani, siku mgeni anapokuja.

Binti yangu sasa ana miaka 14. Ana simbilisi 11, na daftari la tatu. Mwaka jana alimpa mdogo wake jike mmoja, akaandika jina la mdogo wake juu ya kibanda kwa makaa ili mtu asisahau, nami nilielewa mtu huyo ni nani. Tulipopungukiwa na fedha za sare mwezi wa Januari, niliketi naye nikamweleza. Alifikiri usiku mmoja, akaniuzia wanne sokoni, akaniambia ni mkopo. Nimelipa nusu.

Mwezi uliopita shemeji yangu alikuja tena kutoka Ahero. Amejenga kibanda cha mbao chini ya mti, na watoto wake wanataka kufuga. Alisimama mbele ya wanyama wale akaniuliza mimi bei. Nilimjibu kwamba mwenyewe hajatoka shuleni, labda saa 10. Alinitazama kidogo, kisha akavuta kiti chini ya mwembe, akangoja.