Dripu Si Urembo

"Aa, ni urembo tu, si matibabu." Ndivyo watu wanavyojibu ukiwauliza habari ya dripu za kung'arisha ngozi zinazotundikwa kwenye saluni za Lilongwe, na hata kwetu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kauli hiyo imezoeleka. Naipinga bila kumung'unya maneno, maana ndiyo inayomlinda anayechoma sindano na kumwacha anayechomwa peke yake.

Dripu hiyo ya glutathioni, dawa inayodaiwa kung'arisha ngozi, inaingia kwenye mshipa. Sindano iliyokwisha kutumika kwa mwingine inaweza kukuletea homa ya ini au VVU, uwe umefuata weupe au umefuata dawa ya malaria. Mzio mkali unaweza kumwua mtu kwa dakika chache, akiwa bado amekaa kwenye kiti cha saluni, kama hapana adrenalini wala mtu anayejua kuichoma. Na dawa yenyewe? Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano hata moja ya kung'arisha ngozi.

Utaambiwa, "Lakini ana cheti, kiko ukutani." Cheti cha nini? Cha kozi ya vipodozi hakimruhusu mtu kutafuta mshipa wako. Malawi ina Baraza la Madaktari, ina Baraza la Wauguzi na Wakunga, na ina mamlaka inayosajili dawa. Zote ziko hapo hapo Lilongwe. Muulize jina lake limo kwenye rejista ipi. Mwambie akuoneshe kichupa kabla hajakivunja, usome lebo na tarehe. Akikasirika, inuka uende zako.

Krimu za kung'arisha ngozi nazo zimepewa msamaha huo huo wa "ni urembo tu". Tunazijua: uso umekuwa mwekundu, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Nyingine zina zebaki, inayoharibu figo. Nyingine zina klobetasoli, dawa ya hospitali inayokondesha ngozi hadi kidonda cha upasuaji kinakuwa kigumu kushona. Afrika Kusini ilipiga marufuku vipodozi vya kuchubua tangu 1990, baada ya hidrokwinoni kuwaachia wanawake madoa meusi yasiyofutika.

Mkimbizi ndiye anayeumia zaidi. Kutoka kambini kunahitaji kibali, na tangu amri ya 2023 ya kuturudisha wote Dzaleka hofu imezidi. Dada aliyetoka bila kibali, mkono ukamvimba usaha baada ya dripu, atamshtaki nani? Ataanza kwa kujishtaki mwenyewe. Atanyamaza, na saluni ile itaendelea kupokea wateja.

Kwa hiyo mabaraza yakague saluni zinazochoma sindano kama yanavyokagua zahanati. Orodha ya waliosajiliwa ibandikwe kwenye kituo cha afya cha Dzaleka, kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, na malalamiko ya mgonjwa yapokelewe bila yeye kuulizwa kibali kwanza.