Koti la Mabaka Halikufichi

Waliotugawia nguo wakati wa baridi iliyopita waniwie radhi, leo nitawasema. Lakini naanza na vijana wenzangu, maana nyie ndio mliopigana kugombea yale makoti.

Kwenye belo moja kulikuwa na makoti sita ya mabaka. Siyo kombati za jeshi. Nimeyashika kwa mikono yangu: yamechorwa majani, magome na matawi makavu kama picha. Ni nguo za wawindaji wa Marekani. Kule kuna makampuni yanayoishi kwa kuchora mabaka hayo, Realtree na Mossy Oak, yote yalianza 1986, na miti wanayochora ni ya misitu ya kwao. Sasa wewe unavaa mwaloni wa Marekani katikati ya miombo ya Kigoma, halafu unaniambia, "Kaka, hili ni la kuwindia, linaficha."

Linaficha nini, jamani?

Babu yangu alikuwa mwindaji upande wa Fizi. Alikuwa na shati moja la kahawia lililochakaa mpaka kola ikaondoka. Siku ya kwenda porini alikuwa hataki liguswe na sabuni. Alichukua majivu kidogo kiganjani, akayaachia, akaangalia yanaelekea wapi, ndipo akachagua njia. "Nyama anakuona kwa pua," alikuwa anasema. Mbwa wake walivaa njuga, zinalia msitu mzima! Mtu anayewinda kwa mbwa na nyavu anahitaji mabaka ya nini?

Na hata kwa macho, mnyama haoni kama sisi. Wanyama wa kwato kama swala na pongo hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Buluu wanaiona sana. Kwa hiyo kijana aliyevaa koti la mabaka juu na jinzi ya buluu chini amejificha nusu, tena ile nusu isiyo na maana. Sabuni nyingi za unga nazo zina dawa ya kung'arisha nguo, na mng'ao huo una ubuluu ndani yake. Kinachokuponza zaidi ni kutikisika. Shati lolote la rangi ya udongo, ukatulia, upepo ukikupiga usoni, limekutosha.

Tena hao Wamarekani wenyewe, majimbo yao mengi yanawalazimisha wavae rangi ya chungwa inayowaka wakati wa kuwinda kwa bunduki, juu ya mabaka yao. Kulungu hashtushwi na rangi hiyo. Mwindaji mwenzako anaiona toka mbali na hakupigi risasi. Yaani mwindaji wa kule anafichwa kwa mnyama na anaonyeshwa kwa watu kama mtu wa amani. Koti lile lile likifika kambini linafanya kinyume: mnyama ameshakunusa zamani, na kila binadamu anayekuona anafikiri amemuona mwasi.

Mvulana mmoja wa kikundi changu, miaka 17, alishikwa na lake saa kumi na moja jioni akienda kutafuta miti ya kujengea jiko. Pori lenyewe hajalifikia. Hakuulizwa koti ametoa wapi. Alilala ndani siku tatu, na mama yake akauza mafuta ya mgao kumtoa. Alirudi na jicho limefunga. Koti alilopewa kwa foleni, kwa kadi ya familia, kwa kidole gumba!

Sheria yenyewe haina siri. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inakataza raia kuvaa sare za majeshi na nguo zinazofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wananchi kuzisalimisha. Kama Mtanzania mwenye kitambulisho aliambiwa hivyo, mkimbizi atajitetea kwa lipi? Askari wa njiani hatasoma majani ya koti lako ajue ni ya msitu gani. Anaona mabaka, basi.

Na tusijidanganye kwamba ni askari tu. Dada zetu wanatoka alfajiri kutafuta kuni. Wengi wao walipokuwa Kongo walijua mabaka kabla ya kujua kusoma. Waliokuja usiku walivaa hayo. Niliona mama mmoja akitupa mzigo wake wote wa kuni akakimbia, kwa sababu ya kijana wa block yake mwenyewe aliyetokea kichakani akiwa anatabasamu. Kijana alicheka. Mimi sikucheka.

Kuna mtu ataniambia, "Wewe unaongea koti, sisi tunaongea njaa." Sawa, najua mchicha wa usiku ni nini. Wote tunajua, na wafanyakazi wa mashirika nao wanajua: 2008 TRAFFIC walichapisha ripoti kuhusu nyama pori katika kambi za kaskazini magharibi mwa Tanzania na wakaipa jina hilo hilo. Walisema wazi kwamba mgao usio na nyama unawasukuma watu porini. Hilo liko mezani kwenu, sina haja ya kulirudia. Lakini njaa haikuwaamuru mpakue belo bila kulichambua. Kuchambua makoti sita kunachukua dakika ngapi?

Ninachoomba ni kidogo. Kabla ya ugawaji, watu wawili wa jamii wakae na belo, watoe kila kilicho na mabaka, mpaka kofia na suruali za watoto. Nguo ikigawiwa kwa bahati mbaya, aliyeigawa aandike karatasi na aende mwenyewe kumtolea kijana ushahidi, siyo kusema "tutafuatilia." Na wazee wa sungusungu, mkiona koti hilo mtaani mwambieni mwenyewe alivue. Msimpeleke mbele kwanza.

Yule mvulana koti lake lilichukuliwa. Matano bado yapo, na matatu nayajua yalipo. Niletee, sitaandika jina la mtu. Nimetafuta masweta mawili ya kubadilishana, moja ni langu mwenyewe, la kijani, limechanika kidogo kwapani lakini lina joto. Yanapungua matatu. Mfanyakazi wa shirika anayesoma hapa anajua pa kuyapata.