Vola inayocheza si mchezo

Katika taksi na taksi-bisi za Lubumbashi kuna neno moja linalopaswa kukomeshwa: "Iko nacheza kiloko tu, papa, tulisha kuizobelea." Shofere analisema wakati msafiri anapoona vola inaenda kushoto na kuume bila motokari kubadilisha njia, ama inapanda na kushuka mikononi kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Msafiri anacheka, anashikilia kiti, anashuka Kamalondo ama Katuba, na kesho yake anapanda ingine ya namna ileile. Hivi ndivyo hatari inavyogeuka kuwa desturi ya mji.

Vola haina haki ya kuzoeleka. Kiti kikipasuka, mtu anakaa vibaya. Klaksoni ikikufa, shofere anapiga mlango kwa mkono. Lakini vola ikiachana na magurudumu, hakuna kitu kingine ndani ya motokari kinachoweza kuigeuza. Inabaki freni peke yake, kama nayo ni nzima. Na kwenye barabara ya Likasi, ama ile ya Kasumbalesa ambako malori ya madini yanafuatana usiku na mchana, nafasi ya kusimama bila kugeuka mara nyingi haiko.

Ubaya wa kwanza ni kwamba neno "inacheza" linafunika magonjwa mengi. Fundi wa haraka anasikia neno hilo, anachukua ufunguo, anakaza bulone ya kwanza anayoiona, anapokea feza yake. Motokari inatoka garaje na ugonjwa wake. Kabla ya kukaza chochote ni lazima kujua ni nini kinachocheza.

Vola imeshikwa na nati moja juu ya mhimili. Mhimili huo unapita ndani ya bomba, na bomba limefungwa kwa bulone chini ya tablo ya mbele. Chini zaidi kuna kardan, yaani kiungo cha msalaba kinachoruhusu mhimili kupinda. Kisha kuna mhimili wa katikati wenye meno, unaobanwa na bulone ndogo na kuingia katika kremayeri. Kutoka kremayeri zinatoka fimbo mbili zenye rotile, kila moja kwa gurudumu lake. Kila mahali pa kuungana ni mahali pa kulegea.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji mashine. Motokari isimame mahali sawa, magurudumu yanyooke, ufunguo ufunguliwe ili kufuli ya vola isidanganye. Kama vola inainuka na kushuka kwa kushika lever, lever ifungwe kwanza. Kisha mtu ashike vola kwa mikono miwili, aivute kwake na kuisukuma, aiinue na kuishusha. Ikiwa bomba zima linatikisika pamoja na vola, ugonjwa uko chini ya tablo: bulone zimelegea, ama chuma kinachoshika bomba kimepasuka, ama ile lever imekwisha. Ikiwa bomba limetulia na vola peke yake inatikisika, uangaliwe mhimili wa juu, bearingi yake na nati.

Jaribio la pili linataka watu wawili. Mmoja anazungusha vola kidogo kidogo, kushoto na kuume. Kama ni vola ya nguvu, ingini iwashwe, freni ya mkono ivutwe, magurudumu yazuiwe kwa jiwe. Mwingine anafuata mwendo kwa macho na vidole, kutoka juu kwenda chini, bila kujitia chini ya motokari iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Mahali mwendo unapokufa, ndipo ugonjwa ulipo. Upande wa juu wa kardan ukizunguka na upande wa chini ukichelewa, kardan imekwisha. Mhimili ukizunguka na meno ya kremayeri yakichelewa, bulone ya kubana imelegea ama meno yameliwa. Kremayeri yenyewe ikihama kushoto na kuume, kauchu zake zimekufa. Kila kitu kikitii mpaka mwisho lakini gurudumu likichelewa, ni rotile.

Viwanda vingi vinakubali mwendo mdogo kwenye ukingo wa vola kabla gurudumu halijaanza kugeuka. Kwa motokari nyingi za Toyota mpaka ni milimita 30 hivi. Hiyo ni upana wa vidole viwili. Shofere anayezungusha robo ya duara kabla motokari haijamsikia hana "kiloko". Amekwisha kupita mpaka.

Sasa tuangalie yale yanayoitwa matengenezo. Kuna kipande cha mpira wa zamani kinachofungwa kwenye kardan. Kuna waya unaozungushwa kwenye bomba. Kuna kipande cha bati la mkebe kinachoingizwa kwenye meno yaliyoliwa ili yabane. Na kuna kubwa lao: kulehemu, ile sudire inayoziba kila kitu. Kelele inakufa, mkono unasikia ugumu, mwenye motokari anafurahi. Lakini kelele ilikuwa shahidi, na shahidi ameuawa.

Moto wa kulehemu unabadilisha chuma cha mhimili. Mahali palipounguzwa panaweza kuwa pagumu na pa kuvunjika ghafula, bila kutoa dalili. Halafu bomba la vola halikufanywa kuwa gumu kama nguzo ya nyumba. Marekani iliweka tangu mwaka 1968 kanuni zinazotaka vola isirudi nyuma kumpiga shofere kifuani wakati wa mgongano, na viwanda vikajibu kwa kutengeneza bomba linalojikunja ama kuingia ndani yake lenyewe. Fundi anayelehemu bomba hilo "ili lisicheze tena" anageuza kinga kuwa mkuki, na ncha ya mkuki huo inaangalia kifua cha shofere.

Dawa ya kweli inajulikana. Kilichokwisha kinabadilishwa. Kilicholegea kinakazwa kwa nguvu iliyoandikwa na kiwanda, kwa ufunguo wa kupima, si kwa kukisia kwa bega. Mhimili unawekwa alama kabla ya kufunguliwa ili urudi kwenye jino lake. Bulone ya kubana haibadilishwi kwa bulone yoyote iliyookotwa chini ya meza. Na mahali penye mfuko wa hewa ndani ya vola, waya wa hasi wa batri unatolewa kwanza na kungojewa kwa sekunde zisizopungua 90 kabla ya kugusa kitu. Fundi asiyejua jambo hilo aseme hajui. Kusema hivyo si haya.

Kuna jambo ambalo Lubumbashi inalijua kuliko miji mingi. Kongo inatembea upande wa kuume wa barabara, Zambia na Tanzania zinatembea kushoto. Motokari nyingi zinazopita Kasumbalesa zilifanywa kwa ajili ya Japani, ambako vola iko kuume. Miaka ya 2010 serkali ya Kinshasa ilitangaza marufuku juu ya motokari hizo, kisha muda ukaongezwa, na motokari zikaendelea kuingia. Kati ya marufuku na ruhusa, kazi ya kugeuza vola imekuwa biashara: inatolewa kuume, inapelekwa kushoto.

Kazi hiyo si dhambi. Inaweza kufanywa vizuri, kwa kremayeri ya upande wa kushoto, mhimili wake, na mahali pa kushikia palipofanywa na kiwanda. Lakini aina fulani ziliuzwa Japani tu na hazikupata kutengenezwa zenye vola ya kushoto. Kwa hizo, kipande cha kiwanda hakiko. Fundi anatoboa ukuta wa ingini, anakata mhimili, anaunga kipande cha motokari ingine, anatunga chuma cha kushikia bomba. Hapo vola haikulegea kwa uzee: imezaliwa imelegea. Na mnunuzi haambiwi. Anaonyeshwa rangi, redio na viti, analipa dola zake, na anapeleka watoto masomoni kwa mhimili uliounganishwa kwa macho.

Hata zile ambazo hazikuguswa zina historia yao. Novemba 2012 kampuni ya Toyota iliita zirudi motokari zaidi ya milioni 2.7 ulimwenguni, karibu milioni 1.5 zikiwa za Japani kwenyewe, Corolla na Prius zikiwemo. Sababu ilikuwa mhimili huohuo wa katikati: meno yake yaliweza kuharibika na vola ikalegea. Mwenye motokari wa Osaka aliandikiwa barua. Lakini barua ya namna hiyo haimfuati mnunuzi wa tatu mpaka Kampemba. Japani kwenyewe motokari ya mtu binafsi inakaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2, na gharama ya ukaguzi na matengenezo ni sababu moja inayofanya watu wa kule waziuze nje. Motokari inayokimbia ukaguzi wa Japani inapofika hapa, ndipo ingepaswa kukaguliwa zaidi. Sisi tunaipokea kwa kofi na bia.

Wenye kutetea hali hii wana jibu moja: feza haiko. Jibu hilo lisidharauliwe. Shofere wa taksi lazima apeleke kila siku feza iliyopatanwa na mwenye motokari. Siku anayolaza motokari garaje ni siku ya deni. Lakini ndiyo maana lawama isimwangukie yeye peke yake. Anayeshika vola haiko yeye anayelipa kardan, na anayelipa kardan hashiki vola. Yuko nyumbani, anangojea feza ya jioni. Mwenye motokari anayekataa kununua kipande kwa mwezi wa tatu anamkopa shofere maisha yake, na wasafiri wanatiwa katika deni hilo bila kuulizwa. Kama biashara haiwezi kulipa rotile, basi haiko biashara ya kubeba watu.

Tena umaskini haufafanui yote. Mara nyingi feza ya kipande inapatikana; inakwenda kwa rangi mpya, kwa spika, kwa maandishi ya kioo cha nyuma. Tunanunua kinachoonekana.

Na serkali? Sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile Kodi ya barabara, inataka motokari iwe katika hali nzuri na ipitie kontrole teknik. Karatasi ziko. Polisi wa barabarani anaziomba kwenye kila njia panda, anaangalia tarehe, anageuza upande wa pili. Lakini ni mara ngapi msafiri wa Lubumbashi ameona polisi akishika vola na kuitikisa? Kazi hiyo inaomba nusu ya dakika. Karatasi inayopatikana bila motokari kuinuliwa, bila mtu kushika rotile, haikagui kitu: inakusanya kodi tu. Mji unaoweza kusimamisha taksi kwa sababu ya karatasi iliyopita siku mbili unaweza kuisimamisha kwa sababu ya vola iliyopita vidole viwili.

Yanayopaswa kufanywa hayangoji barua kutoka Kinshasa. Serkali ya jimbo la Haut-Katanga inaweza kuamuru kwamba kila motokari iliyogeuzwa vola ionyeshwe kwa mkaguzi, iandikwe jina la garaje iliyofanya kazi, na karatasi hiyo ifuate motokari kila inapouzwa. Garaje ikijua jina lake linaandikwa, itafikiri mara mbili kabla ya kuwasha moto. Mashirika ya mashofere yanaweza kukubaliana na wenye motokari kwamba siku ya kutengeneza vola na freni haina feza ya kupeleka. Mafundi, ambao wengi wao wana ujuzi na heshima, waseme kwa sauti moja: mhimili wa vola haulehemiwi. Mteja akienda kwa jirani, aende. Siku ya ajali jina litakaloulizwa litakuwa la yule aliyelehemu.

Msafiri naye ana mkono. Akiona vola inazunguka hewani, aombe kushuka, alipe mwendo aliokwenda, na awaambie wenzake kwa nini. Atatukanwa kidogo. Taksi ikishushiwa watu watatu kwa siku moja, mwenye motokari atapata ghafula feza ya kardan ambayo kwa miezi haikuonekana.