Jangwani na Msimbazi, mkipita Manyoni msilale!

Wiki hii naomba ruhusa nizungumze na watu wawili tu, mtu wa Jangwani na mtu wa Msimbazi. Wengine mnaruhusiwa kusikiliza, ila msichangie.

Nyie wawili kila msimu mnapita hapa kwetu. Ratiba ya Ligi Kuu ikiwapangia safari ya Singida, mabasi yenu yanaondoka Dar, bendera dirishani, vuvuzela mtindo mmoja. Mnapita Morogoro, mnapita Dodoma, Bahi, Kintinku, mnapanda mlima, hao mpo Manyoni. Mnashuka stendi kunyoosha miguu na kununua maji, halafu mnauliza, "Oyaa, Singida bado?" Bado kaka, zaidi ya kilomita 100. Swali la pili ndilo linalonikera: "Hivi timu yenu siku hizi inaitwa nani vile?"

Haya, leo nawajibu kwa maandishi, ili msije mkaniuliza tena.

Inaitwa Singida Black Stars. Na kusema kweli siwalaumu kwa kuuliza, maana hata hapa kijiweni kuna wazee bado wanasema Singida United. Hiyo United ndiyo iliyopanda Ligi Kuu 2017, ikamleta Mholanzi Hans van der Pluijm, yule yule aliyekuwa kocha wa Yanga, na msimu wake wa kwanza tu ikafanya vurugu. Mtu wa Jangwani, unakumbuka Aprili 2018? Robo fainali ya Kombe la Shirikisho, uwanja wa Namfua, moja moja, mkaja kwenye matuta mkatolewa. Siku ile hapa Manyoni kuna watu walikosa hamu ya kula. Tena wenyeji hao, wala hawakutoka Dar! Nitalirudia hilo baadaye.

United ikafika fainali kule Arusha, ikachapwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Miaka miwili mbele, 2020, ikashuka daraja na hadithi yake ikaishia hapo. Tukabaki na alizeti zetu.

Mwaka 2022 ikaja nyingine. Ilikuwa ikiitwa DTB, jina la benki, ilipopanda ikabatizwa Singida Big Stars. Pluijm akarudi. Ikashika nafasi ya 4, nyuma ya Yanga, Simba na Azam, ambayo kwa watu wa huku ni sawa na ubingwa. Tukaanza kuzoea jina, 2023 jina likabadilika, Singida Fountain Gate. Ikaenda kimataifa, ikaitoa JKU ya Zanzibar, ikakwama kwa Future ya Misri. Tukaanza kuzoea tena. Mapema 2024, ligi ikiwa katikati, Fountain Gate ikahamishiwa Mwanza, na Ihefu, timu ya Mbarali mkoani Mbeya, ikaletwa Singida. Msimu uliofuata Ihefu ikawa Singida Black Stars na Fountain Gate ikaweka kambi Babati.

Umeelewa? Kama hujaelewa usijione mjinga. Ni kama mpangaji anayehamisha godoro usiku. Asubuhi unamkuta jirani mpya chumba kile kile, anakusalimia kama mmejuana miaka.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana kwenye stori hii kuna watu walioumia na hawasemwi. Ihefu haikuwa timu ya mchezo. Novemba 2022, pale Ubaruku, ndiyo iliyomkatia Yanga ile safari ya mechi 49 za ligi bila kufungwa. Nchi nzima ilijaribu ikashindwa, kijiji cha wakulima wa mpunga kikaweza, 2-1. Oktoba 2023 wakarudia tena, 2-1 tena. Sasa fikiria wewe ni mtoto wa Mbarali, umeshinda juu ya mti ukiangalia maajabu yale, halafu miezi michache baadaye timu inapandishwa gari inaletwa kwetu na kuvuliwa jina. Sisi tulipata, wao walilia. Nikisikia mtu wa Singida anajitapa kwamba "sisi ndio tuliovunja rekodi ya Yanga", namwambia nyamaza bwana, hiyo sifa ni ya watu wengine.

Turudi kwenye mambo yetu. Mtu wa Msimbazi, najua umecheka muda wote Yanga anapotajwa. Haya, Mei 2025, Babati, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Walima Alizeti 3, Mnyama 1. Mbona kimya?

Fainali yenyewe tuliangukia kwa Yanga pale Zanzibar, 2-0, Juni 2025. Hiyo ilikuwa fainali ya tatu kwa timu yenye jina la Singida kutoka mikono mitupu. Ya Mtibwa 2018, ya Kombe la Mapinduzi Januari 2023 walipofungwa na Mlandege, na hii. Ukitaka kujua kwa nini watu wa huku hawashangilii mapema, sababu ndiyo hiyo. Tumeshapikiwa pilau mara tatu, na mara zote sufuria likapinduka mlangoni.

Lakini Septemba 2025 pilau lililiwa. Kombe la Kagame, Dar es Salaam, fainali na Al Hilal ya Sudan. Al Hilal, wakubwa, watu wa Ligi ya Mabingwa! Singida 2, Al Hilal 1, na aliyekuwa anatesa siku ile ni Clatous Chama, ambaye nyote wawili mnamjua vizuri, kila mmoja alishamwita mwanangu kwa wakati wake. Kocha alikuwa Miguel Gamondi, mwingine mnayemjua. Mwaka huo huo timu ikaitoa Rayon Sports ya Rwanda, ikaitoa Flambeau du Centre ya Burundi, ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Gamondi naye Novemba akaitwa kuinoa Taifa Stars, akaipeleka kwenye 16 bora ya AFCON kule Morocco. Kwa hiyo ukija huku usije na ile sura ya "tunaenda kuchukua pointi zetu tatu tulizoziacha kwa mama mkwe".

Sasa tuje kwenye maneno ya vijiweni. Mnasema timu hii ni tawi. Mtu wa Msimbazi ndiye anayelisema kwa sauti kubwa. Sababu mnazitoa wenyewe. Mheshimiwa Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba, Waziri Mkuu tangu Novemba 2025, ametajwa kama mlezi tangu enzi za Singida United, na mapenzi yake kwa Yanga hajawahi kuyaficha. Makocha wanatoka Jangwani, wachezaji wanaenda Jangwani. Feisal Salum 2018 alitambulishwa Singida United, kabla jezi haijapata jasho tukamwona Yanga.

Mimi mapenzi ya mtu siyapimi, sina mizani hiyo. Naangalia ubao. Jangwani walitolewa Namfua 2018, na hilo tawi gani linalokata shina lake? Na mbona Jonathan Sowah, yule Mghana aliyekuja dirisha dogo la Januari 2025 akafunga kama mtu anayelipwa kwa kilo, msimu ulipoisha alielekea Msimbazi? Ukweli mchungu ni kwamba sisi wote huku ni shamba. Dar mmezoea kuku wa Singida, mnawala kila kona ya jiji. Sasa mmehamia kwenye mafowadi. Kuku angalau mnatulipa na tunafuga wengine.

Ndiyo maana majina ya kikosi cha sasa sitawatajia. Dirisha la usajili likifunguka tu, makala yangu itakuwa imechacha.

Niwaambie vitu ambavyo havisajiliwi. Kwanza upepo. Singida ina upepo wa kweli, hadi wataalamu wamekuwa wakipanga kuuzalishia umeme. Kipa wenu akipiga mpira mrefu kipindi cha pili asishangae ukimrudia kama barua iliyokosewa anwani. Pili, jua na vumbi la nyanda za kati, koo linakauka haraka, tembeeni na maji. Tatu, uwanja. Namfua siku hizi unaitwa Liti, na kuna ule mpya wa Airtel uliozinduliwa Machi 2025, kwa hiyo someni ratiba vizuri msije mkakaa kwenye uwanja mtupu. Liti ni jina la mwanamke shujaa wa Kinyaturu, ambaye wazee wanasimulia kwamba aliwatimua askari wa Kijerumani kwa kuwatumia nyuki. Na nyuki, ndugu zangu, sisi Manyoni ndiyo kazi yetu. Nunueni asali mkirudi, kama mtakuwa na hamu ya kitu kitamu.

Mengine yote mtayakuta kama kwenu. Na hapo ndipo penye aibu yetu, ambayo niliahidi kuirudia.

Mkifika uwanjani mtadhani mko Temeke. Jukwaa zima kijani na njano, au zima jekundu. Mtauliza mabasi mangapi yametoka Dar? Machache tu. Waliobaki ni sisi. Ni watu wa Ikungi, wa Mkalama, wa Manyoni hapa hapa, tumepanda Noah asubuhi na jezi zenu mgongoni, kwenda kushangilia timu ya mkoa wetu ifungwe. Bao likiingia kwenye nyavu za Singida, Singida inalipuka kwa furaha. Mchezaji mgeni aliyeletwa kutoka Ghana au Ivory Coast anaangalia jukwaani hajui amekosea uwanja au amekosea nchi.

Msifikiri ni usaliti. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye nyumba ya redio. Enzi za RTD, jioni ya mechi, mtaa mzima unakusanyika kwenye redio moja ya mbao, na timu zilizokuwa zinatangazwa ni zenu. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF 1993 na kufungwa nyumbani na Stella Abidjan, watu wa Manyoni waliovaa msiba walikuwa hawajawahi kuiona Dar kwa macho. Baba akiwa Yanga, mtoto ni Yanga, kama ukoo. Yanga ya 1935, Simba ya 1936, majina yametulia, na hata Simba ilipoacha kuitwa Sunderland mwaka 1971 watu walikuwa wale wale, mtaa ule ule. Utamwambiaje mtu aache urithi wa babu yake, aipende timu ambayo hana uhakika Agosti itaitwaje?

Sisi wa Manyoni tuna na kesi ya ziada. Wengi hapa ni Wagogo, shangazi zetu wako Dodoma, na Dodoma Jiji iko Ligi Kuu tangu 2020. Reli yetu ni ya Kati, magari yetu yanashinda Dodoma. Ukimwambia kijana wa Manyoni "timu yako ni ya Singida", anakuangalia kama umemwonyesha mchumba asiyemjua.

Lakini kuna kitu kimeanza, na ndicho ninachotaka mkione mkishuka stendi. Tangu lile Kombe la Kagame, kwenye vibanda umiza vyetu kuna vijana wanalipia kuangalia Singida akicheza na timu ndogo. Sisemi akicheza na nyie, hapo hata kuku wangejaa. Nasema Singida na timu ya kawaida, siku ya kazi, saa kumi jioni. Ni wachache, benchi mbili za mbele. Wanapiga kelele peke yao, wenye jezi zenu wanawazomea, nao wanazomea pia. Hawana baba aliyewarithisha. Wameichagua wenyewe.

Ombi langu kwa wenye timu ni moja, nalo halihitaji pesa. Jina hili liacheni. Hata tukishuka daraja, tushuke nalo. Benchi mbili haziwezi kuwa nne kama kila baada ya misimu miwili tunawalazimisha wale vijana kujifunza upya jina la kuita.

Na nyie wageni wetu, nina ombi pia. Mkishuka Manyoni mkimkuta kijana kavaa jezi ya Singida, msimuulize timu yake inaitwaje. Muulizeni anatabiri ngapi. Atawaambia 2-1, wote siku hizi wanasema 2-1. Bisheni naye, mwekeane soda, mpeane na namba za simu za kudaiana.

Stendi yetu mkirudi usiku bado kuna watu, na mishikaki ipo. Mkiwa mmeshinda piteni na vuvuzela zenu, hatugombani na mgeni. Mkiwa mmefungwa, mwambieni dereva asimame hivyo hivyo, yule kijana atakuwa anawasubiri na soda yake. Alamsiki.