Kufuli la Hifadhidata Lisivunjwe Ovyo

Mkazi wa Kiplombe anayetibiwa mjini Eldoret huenda hajawahi kulisikia jina OpenMRS, ila mji huo una nafasi ya pekee katika historia ya programu hiyo ya rekodi za wagonjwa. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet, kilianza kuhifadhi rekodi za wagonjwa katika kompyuta kwa kutumia Microsoft Access. Mpango wa matibabu wa AMPATH katika eneo hilo ulipopanuka, mfumo wenye uwezo zaidi ulihitajika. Burke Mamlin na Paul Biondich wa Indiana, Marekani, wakaanza kuiunda OpenMRS mwaka 2004, na kufikia 2006 ilikuwa ikitumika Eldoret.

Programu ya namna hii haiishi kubadilika, na majedwali yake hubadilika nayo. OpenMRS huiachia zana iitwayo Liquibase kazi ya kuyabadilisha. Kila badiliko likishatekelezwa huandikwa ndani ya hifadhidata yenyewe, na kazi inapoendelea kufuli huwekwa ili seva mbili zisiguse majedwali kwa wakati mmoja.

Umeme ukikatika katikati, kufuli hubaki.

Hapo ndipo fundi aliyebanwa na foleni ya wagonjwa hulifungua kwa nguvu na kuanza upya, kisha akaambiwa kwamba safu anayoiongeza tayari ipo. Sababu ni kwamba hifadhidata ya MySQL huthibitisha papo hapo kila amri ya kubadili muundo wa jedwali. Hairudishi nyuma iliyokwisha kupita. Badiliko lenye hatua tatu laweza kukwama kwenye ya pili. Akiirekebisha faili ya mabadiliko yaliyokwisha kuandikwa, Liquibase hutambua kwamba maandishi si yale ya awali, nayo hukataa kuendelea. Akiamua kuandika kwamba badiliko lote limekamilika, programu itafunguka huku hatua zilizobaki hazijafanyika. Hilo ndilo kosa baya zaidi, maana halipigi kelele.

Njia sahihi ni kutoa nakala ya hifadhidata kwanza, kuhakikisha hakuna seva nyingine inayoendelea na kazi, kusoma kosa la kwanza kwenye kumbukumbu za seva, kisha kulinganisha majedwali na orodha ya mabadiliko. Njia hiyo huhitaji muda, na mara nyingi fundi hapewi.

Kwa hiyo wakuu wa hospitali na kaunti watenge seva ya majaribio yenye nakala ya data, ilindwe kama rekodi halisi za wagonjwa, na toleo jipya lipitie huko kabla ya kufika kliniki.