Nani Aliacha Kuzipenda?

Hili neno "zilipendwa" linanikera. Zilipendwa na nani, na nani huyo aliacha kuzipenda? Tabora ilitoa Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya kina Shem Karenga, mtunzi wa "Muna". Hadi leo nyimbo zao zikipigwa harusini, hakuna anayebaki kwenye kiti.

Sasa nenda Kwihara, kwenye njia ya misafara. Livingstone alikaa pale miezi michache mwaka 1872. Nyumba yake ni makumbusho. Hao waliotuchezesha miaka na miaka sijawaonea hata kibao. Mpita njia tumemtunzia nyumba, wanamuziki wetu tumewatupia "-li-". Wapeni chumba kimoja, jamani. Zinapendwa!