Kiapo cha Bendera Marekani: Mungu Aliongezwa 1954

Wasee wengi hudhani Mungu alikuwa kwa kiapo cha bendera cha Marekani tangu mwanzo. Zii. Francis Bellamy alikiandika 1892, na ingawa alikuwa pasta, hakumtaja Mungu. Jina liliongezwa 1954, Rais Eisenhower akatia sahihi, nchi ikitaka kujitofautisha na Wakomunisti.

Buda mmoja asiyeamini Mungu alifikisha kesi Mahakama ya Juu. 2004 ikatupwa, eti hana haki ya kushtaki kwa niaba ya mtoi wake. Swali likabaki.

Tangu 1943 hakuna mwanafunzi anayelazimishwa kukariri. Lakini piga picha darasa zima limesimama, wewe pekee umekaa. Huo ni uhuru kweli?

Hapa kwetu wimbo wa taifa unaanza na Mungu, na Katiba inasema hakuna dini ya serikali. Hizo mbili zinakaa pamoja aje?